Alama Kumi na Tisa

Mwalimu mkuu wetu pale Busawe alisoma simu kama mtu anayesoma hati ya shamba: miwani puani, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza. Sisi walimu vijana tulimcheka pembeni. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana nilijiona mtaalamu wa mtandao. Kiburi nilikuwa nacho, sikatai.

Siku moja mwenzetu alituma kwenye kundi la wasap la shule kiungo cha maswali tisa ya kupima afya ya akili. Tulikuwa tunasahihisha mitihani, kalamu nyekundu mikononi. Nikajibu haraka haraka: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona si kitu. Nikapata kumi na tisa kati ya ishirini na saba. Wenzangu walipata nne, sita, tano. Nikairusha namba yangu kundini, nikaandika kwamba nimeongoza darasa, na hongera zikamiminika. Hakuna aliyeshuka chini kusoma maelezo. Mwalimu akishaona alama, kusoma kumekwisha.

Ukweli ni kwamba tangu nipangiwe kazi huku kutoka Lindi nilikuwa nazama. Usiku nililala kwa saa mbili tatu tu, na kila asubuhi nilijikokota kwenda darasani. Ila ofisini nilikuwa bingwa wa utani, nani angejua?

Mkuu hakuandika kitu kundini. Jumamosi asubuhi alifika kwangu na pikipiki yake. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti. Akatoa simu, akashuka na kidole kile kile mpaka mwisho wa ukurasa, akanionyesha. Paliandikwa kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya, na mwenye namba kama yangu amwone mtaalamu mapema. Alisema ameyasoma maelezo hayo mara tatu, kisha akampigia muuguzi wa zahanati kumuuliza kama ukurasa ule ni wa kuaminika, maana mtandaoni kila mtu ni daktari. Mimi mtaalamu sikuwahi kuuliza swali hilo hata siku moja. Niliona aibu, na papo hapo nikampenda yule mzee.

Hata hivyo nikaanza kutania, kwamba nilijibu ovyo tu. Hakucheka.

"Mura," akasema, ndivyo anavyomwita kijana yeyote wa kiume, "na lile swali la tisa, ulijibu ovyo?"

Swali la tisa lilikuwa linauliza kama umekuwa ukiwaza kwamba ni afadhali ufe. Pale nilikuwa nimechagua jibu la "karibu kila siku". Machozi yakanitoka. Nikamwambia hapana, lile nilijibu kweli. Sikuwa nimewahi kulisema mbele ya mtu.

Alivua miwani, akaitia mfukoni, akasimama.

"Vaa viatu twende. Muuguzi nimemwambia nakuja na mtu. Jina utalitaja mwenyewe."