Soksi Iliyotoa Moshi

Mwanangu wa siku zijazo, hujazaliwa bado, na mimi mwenyewe nina miaka kumi na sita tu. Nakuandikia hapa daftarini kwa sababu kusema kwa mdomo naona haya. Ilikuwa Jumapili ya Februari, saa tisa na dakika kumi alasiri, nyumbani kwetu Crescent Town, hapa Kanada. Mama alichungulia kutoka jikoni.

"Shemeji, unachoma nini huko?"

"Sichomi kitu. Naota joto tu."

Huyo ni Baba Mkubwa, kaka yake baba. Mguu wake ulikuwa juu ya hita, na soksi ilikuwa inatoa moshi! Niliuvuta mguu, nikaivua soksi. Ikatoka na ngozi. Ngozi, mwanangu! Naye bado ananitania: "Taratibu, Bibi Kimya, utaning'oa." Hakuhisi chochote. Nikazima hita.

Baba Mkubwa alikuwa fundi wa magari katika jeshi la Kanada. Ofisi ya askari wastaafu ilikubali kwamba sukari yake ilitokana na kazi, kwa hiyo dawa ya sukari halipii. Lakini vidonge vya miguu, miguu iliyoharibiwa na sukari hiyohiyo, lazima achangie pesa kila anapovichukua. Sisi tulidhani anavimeza. Kumbe anaruka siku, na miguu ikimchoma kwa ndani kama sindano, ingawa ngozi imekufa ganzi, anaiweka kwenye hita.

"Mbona hukusema?" Mama akalia.

"Nimeapa jeshini, shemeji, leo nije kuomba vidonge?"

Nikainama. Mimi nilijua njia. Injini zilimharibia masikio, kwa hiyo kwenye duka la dawa mimi ndiye sikio lake. Wiki mbili kabla, dada wa dirisha la dawa alisema daktari akijaza fomu kwamba miguu imetokana na sukari, huenda asichangie tena. Kumweleza kungetaka nipige kelele, na nyuma yetu kulikuwa na foleni, na msichana wa darasani kwangu. Nikasema asante.

"Amesemaje?" akauliza Baba Mkubwa.

"Hakuna kitu."

Hakuna kitu! Jioni ya siku ile ya soksi, hospitali wakatuambia kidole kimoja cha mguu huenda kisipone.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha dawa, tena ya mtu mwingine, kwa kuogopa macho ya foleni. Basi shika hili: ukifanywa sikio la mtu, mfikishie yote, hata sauti ikitetemeka. Haya yako isilipwe na mwili wa mwenzio. Mungu akujalie sauti kubwa kuliko yangu, na watu wa kukusamehe kama Baba Mkubwa alivyonisamehe mimi.

Kesho yake asubuhi, tukienda kwa daktari, nilimsukuma Baba Mkubwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka lile dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaomba fomu, nikamwinamia sikioni, nikamweleza kwa kelele, neno kwa neno.

"Punguza sauti, mama, duka zima limesikia!" akasema Baba Mkubwa.

Nikarudia tangu mwanzo.