Namba Kumi na Mbili

Kinyozi hajinyoi. Mume wangu Armand alianza kutengeneza saa kabla hajaota ndevu, na kwa miaka yote hiyo mkono wake ulikuwa mtupu. Ukimwuliza saa ngapi, alinyamaza asikilize kengele ya kanisa la kijiji chetu, Le Sentier. Mimi saa nimezichoka, nasema wazi.

Alipotangaza toleo lake la mwisho, saa yenye kengele ndogo tumboni, alisema atatengeneza kumi na mbili tu. Hapa bondeni kwetu, fundi akishataja idadi ameshajifunga. Akiongeza hata moja, wanunuzi wote watamwita mwongo, na watakuwa na haki. Kila moja ilikula majira mazima ya baridi, yeye amekunjika dirishani na lenzi jichoni, theluji ikijaa mpaka kizingitini. Kumi na moja zilipata wenyewe kabla vyuma havijakatwa.

"Ya kumi na mbili ni yangu, Edmée," aliniambia. "Siku nikiivaa, nafunga karakana."

Niliishi kwa neno hilo. Macho yake yalikuwa yanakwisha, shingo haigeuki tena. Nilimtaka mume wangu mezani, ale jibini yake ya kuyeyushwa ingali moto.

Alipokuwa anaimalizia hiyo ya mwisho, alikuja Bwana Hostettler, daktari wa meno wa Zürich, mwenye namba tatu. Mtu mpole, siku zote ananiletea maua.

"Fundi, imegoma," akasema, akifungua sanduku kama anafunua mtoto aliyelala.

Armand akaitazama. Ule utando wa plastiki alioubandika yeye mwenyewe siku ya kuikabidhi ulikuwa bado mgongoni mwa saa. Mafuta ndani yalikuwa yameganda kwa kukaa bure.

"Uliivaa lini mara ya mwisho?"

"Kuivaa? Mungu apishe mbali! Ikikwaruzika je?"

"Basi kengele yake unaisikiliza lini?"

"Najua inalia, Fundi. Inanitosha." Akacheka kwa haya. "Nikuambie ukweli, zingekuwa mia nisingepanda milima hii. Usiku nikikumbuka tupo kumi na mmoja tu duniani, nalala vizuri."

Alipoondoka, akiiacha namba tatu itengenezwe, Armand hakula. Alikaa na kijiko mkononi. "Baridi ya hiyo namba tatu ndiyo niliyokosa mazishi ya mama yako," akasema, "na saa yenyewe haijawahi hata kupata jasho la mtu." Nililia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Theluji ilipoanza kuyeyuka alimaliza namba kumi na mbili, akaivaa, akafunga karakana. Akapasua kuni ameivaa. Akasukuma theluji, akamsaidia jirani kuzalisha ng'ombe, saa mkononi. Mwezi haujaisha, ubavu wa saa ulikuwa na mikwaruzo kama sufuria yangu ya kukaangia. Jioni aliiminya ilie, tukahesabu kengele pamoja kama wajinga. Nilifurahi. Nikadhani yamekwisha.

Hostettler akarudi kuchukua namba tatu, iliyokuwa tayari. Alimkuta Armand uani na shoka. Akauona ule mkono, akashika mdomo.

"Fundi! Umeiua!"

Kisha akasogea. Akainama, akavaa miwani, akaikagua mikwaruzo mmoja mmoja. Nikaona uso wake unabadilika, na uso ule naujua: ni wa mnunuzi aliyeona kitu kisicho na cha pili.

"Imekwaruzwa na fundi mwenyewe," akanong'ona. "Hakuna nyingine duniani. Usiisugue, nakuomba!"

"Haiuzwi," Armand akasema.

"Najua, najua." Akachukua namba tatu toka meza yangu ya pale uani, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Basi nivalie hii. Mwaka mmoja tu. Pasulia kuni kama kawaida. Nikiwaambia wenzangu, wote watakuletea zao."

Nilihesabu kimoyomoyo baridi kumi na moja. Sasa hata kupasua kuni kumegeuka kazi ya watu! Nilitaka kumfukuza na maua yake.

Armand alimtazama kwa uchovu ambao sijawahi kuuona. Hakugomba. Alibandua kwa kucha ule utando, aliokuwa ameurudishia baada ya kuitengeneza, akaushika mkono wa daktari, akamfunga namba tatu. Halafu akamkabidhi shoka.

"Pasua wewe, bwana. Ni saa yako."

Hostettler alisimama mbele ya gogo, mkono umemnyooka kama si wake. Alituangalia. Akaweka shoka chini, akavua saa, akaifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akaokota shoka, akapasua kuni zetu vizuri sana, mpaka shati likalowa.

Armand hakungoja amalize. "Edmée, mpe supu mgeni," akasema, akaingia ndani akalala na viatu. Nilipokwenda kumvua viatu, saa ilikuwa mkononi mwake bado, inatembea.