Msiba Uliohamishwa na Upepo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa siisimulii kwa urahisi. Nimesikia wamekuchagua kwenye kamati ya maafa ya mtaa, nami nimefurahi, ila kabla hujaanza kutembea na kifua mbele, kaa hapa unisikilize. Hiyo simu iweke chini kwanza, haitakimbia.

Baba Mkubwa wangu, kaka yake baba, alikuwa amefariki. Jeneza lake lilikuwa sebuleni kwake Nyakato, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizobanana nyuma ya viwanda, na mchana tungemzika. Mimi ndiye niliyesimamia msiba: turubai, kuni, maji, nani akae wapi. Nilikuwa kijana mwenye ndoa changa na sauti kubwa, na cheo kile kilinipanda kichwani. Desturi yetu unaijua. Maiti akishaingia nyumbani haachwi peke yake mpaka afikishwe kaburini. Kumwacha ni kumtukana, na tusi la namna hiyo ukoo hulibeba miaka mingi.

Asubuhi ile jua lilikuwa bado chini, akina mama wanakoroga uji wa waombolezaji, mwenyekiti wa mtaa akaingia anahema. Nyuma yake alikuja dada mmoja mwenye buti za mpira, ameshika kifaa kidogo chenye kulialia. Mwenyekiti alisema bomba limepasuka kwenye chumba cha barafu cha kiwanda cha samaki, mtaa wa pili kutoka kwetu, na gesi ya amonia, ile sumu ya kupozea samaki, inatoka. Zimamoto walikwishafika. Yule dada, Rehema, alitoka ofisi ya mazingira ya serikali. Kazi yake ilikuwa kupima hewa na kuwaambia zimamoto gesi imefika wapi na inaelekea wapi, na pia kuangalia maji waliyokuwa wakiyamwaga yasishuke na mitaro mpaka ziwani.

"Poleni sana na msiba, wazee wangu," akasema. "Mnisamehe kwa hili ninalowaambia. Inabidi mtoke hapa sasa hivi, mpande kule juu shuleni."

Nikavuta hewa kwa pua mbele yake, kwa makusudi kabisa.

"Gesi gani, dada? Mimi nasikia harufu ya uji tu."

"Kwa sasa upepo unaipeleka upande wa pili, kaka. Jua likipanda, upepo wa ziwa utaanza na utaileta huku. Mkisubiri muisikie, mtakuwa mmechelewa."

"Basi tunatoka na maiti wetu."

Akatikisa kichwa. "Barabara imefungwa, gari haliingii. Na safu hii ya nyumba ina wazee wasioweza kutembea, ina watoto wachanga. Mikono mliyonayo ibebe hao kwanza."

Wanaume wakaguna. Mimi damu ikanichemka. Binti mdogo, hata mvi moja hana, anatufukuza msibani! Nikavuta kiti nikakiweka mlangoni, nikakaa. "Nendeni nyie. Ukoo huu haukimbii maiti wake." Vijana wenzangu wakakaa pamoja nami, na moyoni nikajiona dume kweli.

Sasa sikiliza vizuri. Mama yako alikuwa ndani ya nyumba ile, na wewe ulikuwa mgongoni mwake, hujatimiza hata miezi mitatu. Mume akikaa mlangoni mbele ya ukoo mzima, mke atampitaje? Alinitazama kupitia pazia. Macho yale bado yananiuma.

Rehema hakubishana nami. Aliutazama moshi wa mafiga yetu. Mwanzo ulikuwa umelala kuelekea kiwandani. Halafu ukasimama wima, ukapanda juu moja kwa moja, na jani la mti halikutikisika. Kifaa chake kikaanza kulia kwa haraka zaidi. Akauliza, "Mama mwenye msiba yuko wapi?"

Mama Mkubwa, mjane wa marehemu, akatoka ameshikwa mikono. Rehema akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza yote tena, taratibu, kana kwamba muda upo. Mama Mkubwa akautazama moshi, kisha akageuka akarudi ndani. Nikajua amekataa, nikawatupia wenzangu jicho la ushindi. Tukamsikia sebuleni akisema na jeneza: "Baba Mabula, upepo unageuka. Nawatoa watoto. Nitarudi."

Akaja akasimama mbele ya kiti changu.

"Wewe, inuka hapo mlangoni. Aliyelala humo ndani hapumui. Unamlindia pumzi gani?"

"Lakini mama, watu watasema tumemwacha."

"Watasema. Waache waseme wakiwa hai."

Niliinuka. Tukalowesha kanga tukazifunga puani, mimi nikambeba mgongoni jirani yetu mzee aliyepooza. Katikati ya kichochoro kitu kikanikaba koo, macho yakajaa machozi, na nyuma yangu nikakusikia wewe unakohoa, kikohozi kidogo kikavu. Niliogopa, mwanangu, sijawahi kuogopa vile. Rehema alikuwa amesimama kwenye kona akipunga mkono na kupaza sauti, "Kateni kulia! Msiifuate barabara ya chini!" Alikuwa akikohoa kuliko sisi sote, na hakuondoka pale mpaka wa mwisho wetu alipopita.

Shuleni nilimkuta mama yako amekukumbatia, unanyonya. Nikalia mbele ya wakwe na sikuona aibu.

Jioni Rehema na zimamoto waliingia nyumba baada ya nyumba wakipima, wakafungua madirisha, wakatuambia tukifika tumwage maji yote yaliyokuwa wazi, maana yamenyonya gesi, ndipo tukaruhusiwa kurudi. Chini ya turubai, kuku walioletwa na wakwe walikuwa wamekufa wote, miguu bado imefungwa. Baba Mkubwa alikuwa kama tulivyomwacha. Tulimzika kesho yake kwa heshima zote. Shemeji mmoja wa Butimba analalamika mpaka leo kwamba tulimwacha maiti, lakini analalamika akiwa na afya njema.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulidhani mkuu ni lazima awe na mvi. Pia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni wetu alikuja na kifaa mkononi, nami nikamzibia mlango kwa kiti. Kwa hiyo mtu wa mazingira akikuletea habari ya hatari usiyoiona wala kuinusa, msikilize kwanza, maswali utauliza mkiwa mahali salama. Nawe ukitumwa kuwahamisha watu, ingia kwa adabu kama alivyoingia yule, mtafute mwenye msiba wake, umpigie goti. Watu hawaitii kelele. Wafu wetu tuwaheshimu, ila heshima hiyo isilipwe kwa pumzi ya mtoto. Na ukiwa mkubwa wa watu, jua kwamba ukikaa chini kwa kiburi, wapo nyuma yako wasioweza kutoka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio la kusikia na goti la kupinda, na kila nyumba utakayogonga mlango wake, wenyewe watoke wote, wakulaumu wakiwa hai.