Jani la Sale Nililolipita

Baba mdogo alinitimua kwenye msafara wa mlimani mbele ya wapagazi wenzangu kwa sababu nilikuwa nawagonga watu njiani. Aliniita mlevi, mimi ambaye hata mbege ya harusi huwa naionja tu. Iliniuma, maana yeye anaongoza watalii na ndoto yangu ni hiyohiyo: siku moja nitangulie mimi, wageni wanifuate mpaka kileleni.

Bibi alimsema mpaka akalainika. Jumapili, misa ilipoisha, baba mdogo akasimama kando ya mlango wa kanisa na jani la sale mkononi. Kwetu ukinyooshewa sale umeombwa msamaha, na unapokea hata kama mtu amekuchinjia ng'ombe wako. Mimi nikampita kama nguzo.

"Amelikataa sale," wanawake wakanong'ona. Tangu siku hiyo hata bibi alinitengea chakula bila kusema neno.

Dada yangu ndiye aliyegundua. Alininyooshea kikombe cha maziwa kwa pembeni, nikakipiga kiwiko kikamwagika. Akanishusha mjini, hospitali. Nikaingizwa kwenye mashine ya MRI, inagonga kama mafundi bati wa Kiboriloni. Daktari akatuonyesha picha: uvimbe mkubwa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, umebana mishipa ya macho.

"Mbele unaona," akasema. "Pembeni, kulia na kushoto, huoni. Tutautoa kupitia puani. Ila kuona kutarudi kiasi gani, siwezi kukuahidi."

Dada akalia. Mimi, nisamehewe, nilifurahi. Kumbe sikuwa na kiburi; lile sale sikuliona.

Kabla ya upasuaji nikachuma sale mpakani mwa shamba, nikaenda kwa baba mdogo. "Shikamoo." Nikamweleza yote. Akasogea kando yangu, akauliza:

"Niko wapi?"

Nikanyoosha jani kufuata sauti, kabla sijageuka. Watoto wake wakacheka.

"Huo mgomba, mwanangu. Mwombe msamaha vizuri, labda atakupa ndizi."

Kisha akalichukua jani mkononi mwangu, taratibu. "Nimekusamehe. Lakini mlimani korongo liko pembeni. Kazi yangu usiiote tena."

Nikashukuru, maana alikuwa amesema kweli. Getini nikainua uso. Mawingu yalikuwa yameachana. Nikaiona Kibo, nyeupe, peke yake. Mawenzi, kilele cha pili, mpaka nigeuze shingo. Nikageuza, nikaiona, na Kibo ikapotea.