Madebe Manne ya Itigi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ramani na rula. Karani Mkuu aliniagiza nipime safari ya Dar es Salaam hadi Tabora. Rula niliiweka kando, nikachomoa uzi kwenye pindo la kanzu yangu na kuulaza juu ya reli, kona kwa kona. Makarani wenzangu wakacheka. "Ndege haipiti relini, bwana," mmoja akasema. Bwana Rubani, Mwingereza mrefu aliyekuwa amesimama mlangoni, akawakatiza: "Mwacheni. Mimi nafuata reli. Nikiiacha napotea." Basi kazi ya kupanga safari za ndege nikaipata kwa uzi ule, na sioni haya kusema kwamba niliiweza.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Ofisi yetu ya serikali ilikuwa jirani na Posta. Wakati huo sisi watu wa Dar tukisikia neno rubani tulimfikiria mtu anayeongoza meli kuingia bandarini, kwa hiyo nyumbani ilinichukua wiki nzima kueleza kazi yangu. Mama yangu aliniombea dua kana kwamba ninayeruka ni mimi.

Ninyi mnaokula chakula cha mchana angani hamwezi kujua ndege ile ilivyokuwa. Ilikuwa na viti viwili vilivyo wazi, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa, na mwendo wa maili themanini kwa saa, upepo ukiwa radhi. Debe moja la petroli halikutosha mwendo wa saa moja. Kupanga safari, basi, kulikuwa ni kupanga madebe: yatangulie kwa gari moshi, yafike kila kituo kabla ya ndege, yawekwe kivulini. Upepo nao una hesabu yake. Kwenda bara humsukuma rubani mgongoni, kurudi humpiga usoni. Kwa sababu hiyo alikwenda Dodoma hadi Tabora bila kutua, lakini kurudi ilimlazimu ajaze petroli Itigi.

Bwana Rubani mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuijua petroli. Alinitia tone kiganjani. "Ikikauka upesi na kuacha baridi, ni yangu. Ikibaki na utelezi, ni mafuta ya taa ya mama yako. Na unuse pia."

Sasa nije kwenye kosa langu, maana mzee anayesimulia sifa tupu haaminiki. Safari moja ya Tabora, madebe ya kawaida yalichelewa, nami nikajiona mjanja. Pale Kariakoo palikuwa na Mzee Nassor, mwenye duka, ambaye mpwa wake alikuwa na duka Itigi. Nikamwandikia mzee kikaratasi, amwagize mpwa wake: "Mafuta, madebe manne, Itigi." Kwenye orodha ya safari nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: "Itigi, petroli, madebe manne, tayari."

Asubuhi ambayo Bwana Rubani alikuwa anarudi kutoka Tabora, nilipita dukani kumshukuru mzee.

"Shikamoo, Mzee Nassor."

"Marahaba, mwanangu. Mafuta yako yamefika salama. Ila niambie, serikali sasa inawasha taa porini? Madebe manne ni taa nyingi."

Dukani kwake mafuta ya debe yalikuwa ya taa, na mimi, mtoto wa Kariakoo, nililijua hilo tangu natumwa na chupa. Neno moja tu sikuliandika: petroli. Injini ingewaka kwa petroli iliyosalia kwenye bomba, ndege ingepaa, kisha ingezimika juu ya vichaka vya Itigi, ambako hakuna hata uwazi wa kutandika mkeka.

Nilikunja kanzu nikakimbia, nikakata Mnazi Mmoja hadi Posta, nikapiga simu ya maandishi kwa stesheni masta wa Itigi: "Madebe ni mafuta ya taa. Ndege isiruke. Tia tone kiganjani." Jibu lilikuja fupi: "Ndege imekwisha kujazwa. Nakwenda." Nilikaa kwenye benchi la Posta hadi adhuhuri ikapita. Nilimhofia Bwana Rubani, na niliona aibu kwa kule kuogopa pia kupoteza kazi.

Jibu la pili lilisema: "Amesimamishwa mkono ukiwa kwenye pangaboi, akitaka kuwasha injini. Anamwaga. Petroli yaja kwa treni."

Bwana Rubani alirudi kesho yake. Karani Mkuu aliuliza, "Nani aliandika?" Nikasema, "Mimi, Bwana." Nilitarajia kufukuzwa. Bwana Rubani alivua glavu zake taratibu.

"Mimi nanusa kila kituo," akaniambia. "Itigi sikunusa. Niliona mwandiko wako."

Afadhali angenitukana. Hakunifukuza, lakini sijawahi kupewa adhabu nzito kuliko sifa ile.

Baadaye nilihamishiwa Dodoma, kisha Tabora, nikawa Karani Mkuu mwenyewe, nikapanga safari ambazo idadi yake siikumbuki. Hakuna ndege iliyokosa petroli yangu. Lakini chini ya kila orodha niliandika neno moja: "Nusa." Marubani wapya walidhani nawatania.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi kiti karani aliyenifuata, mtu mzima mwenye familia yake. Nilimpa ramani, uzi wangu, na orodha ya safari ya kesho yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja bila kuisoma.

"Kazi yako, Mzee, sina haja ya kuikagua."

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia, nikavuta kiti tena. "Basi ikunjue, tuikague."