Mafuta Yaliyokataa Kuwa Meusi

Mama yangu aliiombea injini ya lori letu ife. Hakuomba kwa kujificha. Aliomba mezani, chai ikiwa imeshamiminwa, sisi sote tumefumba macho, na Baba ameketi papo hapo kando yake akisema amina. Baba alikuwa ameapa kwamba ataachia usukani siku injini itakapokufa, wala si siku moja kabla. Mama naye, kila Jumanne na Ijumaa, alikaa akizihesabu kwa vidole kona za mteremko wa Nithi, zilizomeza malori mengi, mpaka simu ilie kwamba ndizi zimefika Embu. Aliona njia fupi ni kuzungumza na Mungu juu ya injini. Baba alikuwa na miaka sabini na mitatu, na injini ilikuwa na umri wangu.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Ninaishi Embu, mtaa wa Dallas, jina ambalo nilishachoka kuwaeleza wageni. Kwa sababu ya kusoma kemia, nyumbani Mitunguu nilifanywa mwamuzi wa kila kitu kinachomiminika: dawa ya kuogeshea ng'ombe, asidi ya betri, sabuni, na mafuta ya lori. Ndiyo maana Baba alinipigia simu siku moja nikiwa nasahihisha mitihani.

"Kuna kitu wanaita chujio ya pembeni," alisema. "Nimeambiwa ukiweka hiyo, injini haikufi."

Nikajua nimetumbukia katikati ya wazazi wangu, na hakuna wa kunitoa.

Nilikwenda kwa fundi wetu pale Embu, mtu mwenye maneno machache na mikono isiyotakata hata siku ya harusi. Nilimwomba anieleze kama mtu asiyejua kitu, na akanieleza hivyo bila shida yoyote. Chujio la kawaida, alisema, ni kama chujio la chai kwa harusi: watu ni wengi, chai lazima ipite haraka, majani machache yatapita nayo. Chujio la pembeni ni nyanya yako ameketi pembeni anachagua maharagwe. Anapewa kidogo kidogo, hana haraka, lakini hakuna jiwe linalompita. Mafuta yale machache yakishachaguliwa yanarudi chini kuungana na mengine, na baada ya mwendo fulani yote yamepita mikononi mwake. Hata masizi ya diseli, yanayofanya mafuta yawe meusi, nyanya anayakamata.

"Kwa hivyo mafuta hayawi meusi?" niliuliza.

"Inakaa kama imetoka dukani juzi."

Hapo lazima niseme juu ya weusi wa mafuta, maana kijiji chetu kiliutegemea. Mafuta ya diseli huwa meusi karibu kabla hujafunga boneti. Kila Baba alipoyamwaga, majirani walifika na mikebe kuyachukua, wakapaka nguzo za ua, za zizi, za choo, ili mchwa wasizile. Nguzo zote za upande wetu wa mfereji zilikuwa nyeusi hadi magotini. Ukiangalia vizuri, kijiji kilikuwa kimesimama wima kwa uchafu wa injini ya Baba.

Kabla ya kila safari, Baba alikuwa na ibada yake. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa kwa kitambaa, akakichovya tena, akakiinua juu kuelekea mbinguni, akasugua tone kwa kidole gumba, halafu akatangaza: "Nyeusi, lakini iko." Utingo wake, mzee wa rika lake aliyekuwa naye tangu nikiwa darasa la pili, alijibu, "Iko." Ndipo walipopanda. Nilikua nikisikia maneno hayo na sikuwahi kuyatilia maanani.

Basi kulikuwa na machujio ya kuchagua. La kwanza lilikuwa la dukani, kopo zuri la chuma ambalo kiini chake huagizwa kutoka nje na kufika kikipenda. La pili lilikuwa kopo la chuma vilevile, lakini ndani yake unaweka tishu. Ndiyo, karatasi ya choo, bunda zima, limesimama wima, mafuta yakipenya kutoka juu hadi chini. La tatu fundi alilibuni mwenyewe kwa kopo la maziwa ya unga na kipande cha godoro, na nilimwomba asilitaje mbele ya Baba.

La tishu nilidhani ni mzaha mpaka fundi alipotupeleka Siakago kwa mtu wa lori la mchanga anayelitumia. Tulikwenda kwa lori letu, mimi nimebanwa katikati, Baba kwenye usukani, utingo mlangoni, fundi ametangulia kwa pikipiki. Utingo hakunyamaza hata dakika moja. "Punda hiyo, kushoto. Tuta. Mama na mtungi. Tuta ingine. Daraja inakuja, nyembamba. Mbuzi, mbuzi, mbuzi, zimeenda." Kichwa kilianza kuniuma kabla hatujafika Runyenjes. Nikamwambia, kwa heshima niliyobaki nayo, "Mzee, hizo mbuzi sote tunaziona."

"Mwache aongee," Baba alisema haraka. "Ananiondolea usingizi."

Mwenye lori la mchanga alifungua kopo akatoa bunda la tishu lililokuwa jeusi, zito, linanuka moto. Kisha akachomoa kijiti chake, na tone lililoning'inia pale lilikuwa safi. Fundi akapiga makofi. Nilimgeukia Baba, akasema, "Nimeona," naye alikuwa ameshaanza kurudi kwenye lori.

Kwetu jambo likishawahusu zaidi ya watu wawili linaundiwa kamati. Hili liliwahusu wote wenye nguzo, kwa hivyo tulikutana uani kwetu Jumamosi, viti vya plastiki vimeazimwa kanisani. Mwenyekiti alikuwa jirani yetu, mzee wa kanisa mwenye zizi refu kuliko yote. Mimi nikawa katibu. Tuliongea Kiswahili kwa ajili ya fundi, ambaye ni Mwembu. Mama alipewa maombi ya kufungua, kosa ambalo sijui lilipitaje. Aliomba Mungu awape wajumbe hekima ya kujua kwamba kila kitu kina mwisho wake, hata chuma.

Mwenyekiti alitaka kuelewa jambo moja tu. "Hii chujio ikiwekwa, sisi tutapaka nini kwa posti za zizi?"

Fundi akasema hakutakuwa na mafuta machafu tena, labda kwa nadra sana.

Manung'uniko yakapita kwenye viti. Mwenyekiti akapendekeza, kwa uso mkavu kabisa, kwamba lori litiwe chujio, lakini liwe linachafua mafuta kidogo kwa niaba ya jamii. Nikaliandika. Mjumbe mwingine akauliza kama mchwa wanaogopa mafuta yenyewe au rangi yake, na wote wakanigeukia mimi. Nikasema kemia haijaniambia. Mwishowe walikubaliana kwamba tishu zilizokwisha kazi zigawiwe kwa zamu, kila boma likamue lake.

Kisha Mama akasimama. "Mnataka kuweka karatasi ya choo kwa gari inalisha watu?"

"Mama, itakuwa mpya," mwenyekiti alimtuliza.

"Hata ikiwa mpya inajua kazi yake."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi, na alifuta kwa muda mrefu, jambo ambalo nililiona na kulipita. Kura zikapigwa. Mama alinyoosha mikono yote miwili kupinga, akasema wa pili ni wa Mungu. Nikiwa katibu nilihesabu mmoja. Chujio la tishu likashinda, maana tishu inapatikana kila duka na haingoji meli.

Nilipewa kazi ya kuchagua tishu. Naona haya kidogo kusema kwamba nilifanya jaribio kamili katika maabara ya shule, kwa mitungi sita na mafuta machafu, nikiandika dakika. Ile ya waridi ilifumuka ikawa uji. Ile laini yenye maua ilipitisha kila kitu bila kuuliza. Iliyoshinda ilikuwa ile ngumu ya kijivu ya stoo ya shule, ambayo wanafunzi wanaiita msasa. Fundi alifunga chujio, akaweka mafuta mapya, na Mama siku hiyo hakutoka nje ya jikoni. Nilijua nimemuumiza. Alikuwa anamtaka mume wake nyumbani akiwa hai, nami nilikuwa nimeirefusha barabara.

Miezi miwili baadaye kamati iliitwa tena kukagua. Ilikuwa Ijumaa, saa moja asubuhi, lori limejaa ndizi, utingo yuko juu anafunga turubai. Mwenyekiti alikuja na mkebe, kwa matumaini. Fundi alikuja na shati safi. Baba akaanza ibada yake. Akachomoa, akapangusa, akachovya, akainua.

Tone lilikuwa rangi ya asali. Jua lilipita ndani yake. Nilisikia mwenyekiti akivuta pumzi, na fundi alikuwa ameshaanza kutabasamu kama bwana harusi.

Baba alisugua kwa kidole gumba, akatazama mbinguni, akatangaza: "Nyeusi, lakini iko."

Juu ya ndizi, utingo alikohoa. Akakohoa tena, na mara ya tatu kwa nguvu. Baba hakuelewa. "Iko," utingo akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Nikayasikia tena maneno ya utingo njiani kwenda Siakago. Punda hiyo, kushoto. Tuta. Daraja inakuja, nyembamba. Miaka yote hiyo mafuta yalikuwa meusi kweli, na mtu akisema ni meusi huhitaji kumuuliza kama ameyaona. Nikaziona kona za Nithi moja baada ya nyingine, na tani za ndizi zikizishuka kwa maneno matupu ya mzee aliyeketi mlangoni. Kisha nikapandwa na hasira, kwa Baba, kwa utingo, na kwangu zaidi, mwenye mitungi sita. Nikafungua mdomo.

Mama alinikanyaga mguu. Alikuwa ametoka jikoni bila mimi kumwona. Alimwendea Baba, akashika mkono wake uliokuwa bado umeinua kijiti, akakitazama kwa karibu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mferejini, "Nyeusi kabisa. Nyeusi ti."

Hakuna aliyesogea isipokuwa kuku. Mwenyekiti alimtazama Mama, akavua kofia, akatazama tone. "Ni nyeusi," alisema. Fundi, ambaye jina lake lote katika kazi lilikuwa limening'inia pale kwenye kijiti, alifuta mikono kwenye shati lake safi. "Nyeusi kiasi," alisema. Wajumbe wengine wakakubali mmoja mmoja kwamba naam, ni nyeusi, na mwenyekiti akajishikia mkebe wake mtupu. Nami, mwalimu wa kemia, nikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: Mafuta yamekaguliwa, ni meusi.

Baba alisema atakunywa chai kwanza. Tukaingia jikoni, sisi watatu tu. Aliketi, akapapasa meza mpaka akapata kikombe, na ndiyo mara ya kwanza nilipoiona mikono yake ikitafuta. Waliongea Kimeru, polepole.

"Tangu nikuoe," Baba alimwambia Mama, "umewahi kukubaliana nami mbele ya watu?"

Mama alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Sijawahi."

"Ni rangi gani?"

"Ya asali."

Baba alisugua kidole gumba kilichokuwa bado na mafuta. Kisha akasema ukungu ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto, na kwamba kila kitu kilikuwa kimekuwa rangi ya mafuta machafu kwa muda mrefu hata akasahau kuna rangi nyingine. Akavua shingoni kamba yenye ufunguo wa lori, akaiweka karibu na kikombe.

Mama hakuugusa. Alikuwa analia. "Lakini injini haijakufa," alimwambia, kana kwamba anamtetea mbele ya mtu. "Ulisema mpaka ife."

"Haijakufa," Baba alisema. "Ni nzima kabisa. Mtoto alichagua vizuri."

Nilikuwa nalia pia, na kwa kuwa huwa sijui kulia bila kupanga mambo, nilisema tutakwenda kwa daktari wa macho Jumatatu, nitatafuta dereva, kijana mwenye macho mazuri, na yule utingo naye sasa apumzike, amezeeka. Nje alikuwa bado juu ya ndizi, akiuliza kwa sauti kama afunge kamba au afungue.

"Yule usimguse," Baba alisema. "Dereva alikuwa yeye. Mimi nilikuwa nashika tu usukani."