Stelingi Aliyekataa Kupigana

Mimi nilikuwa mtaalamu wa kuchagua picha. Shule niliachia fomu tu, kidato cha pili, lakini kwa laibrari ya video hapo Thika ningekufundisha kitu. Sheria yangu ilikuwa moja: angalia kava. Ukiona bunduki, chukua. Ukiona bunduki na moto nyuma yake, chukua haraka kabla mwingine hajaiona. Hiyo sheria ilinidanganya karibu kila wiki na sikuiacha, mimi si mtu wa kuyumbayumba.

Tulikuwa tunakaa ploti ya vyumba nane, Kiganjo, na deki ya kuchezea kaseti ilikuwa moja tu, ya mama mwenye ploti. Jumapili watu wakitoka kanisa, alikuwa anafungua nyumba yake na wapangaji wote wanaingia na stuli zao. Mimi nilikuwa nakaa kwa sofa. Mwenye kuleta kaseti ndiye alikuwa anakaa kwa sofa, tena ndiye alikuwa anatafsiri, kwa sababu mama hakuwa anasikia Kizungu na fomu tu yangu ilikuwa inaheshimiwa sana hapo kwa ploti. Wiki nzima nilikuwa nabebeshwa mizigo kwa kiwanda cha nguo, hakuna mtu ananiuliza maoni. Hapo kwa sofa nilikuwa mtu.

Sasa nikaleta takataka Jumapili tatu zikifuatana. Ya kwanza ilikuwa giza tupu na sauti. Ya pili watu walilia kwa barafu mpaka ikaisha. Ya tatu haikuwa hata Kizungu, na bado niliitafsiri. Mama akaitoa mwenyewe kwa deki.

"Wewe kijana, ukileta uchafu kama huu tena, nafunga mlango. Jumapili kila mtu akae kwake aangalie ukuta."

Fundi wa viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akashika kichwa. "Woi! Jumapili zetu zote ziko kwa mkono ya huyu?"

Sikutetemeka. Nilienda mpaka Ruiru, kwa laibrari ambayo haijanizoea, nikatoka na kava ya mzungu mzee ameshika bunduki, macho ameyakaza. Huyo alikuwa stelingi kamili, mtu wa kumaliza maadui wote peke yake.

Jumapili hiyo mama alikuwa na mgeni, binti ya dada yake, mwalimu wa primari huko Kiuu. Alikaa karibu na mlango na chai yake, ametulia tu.

Picha ikaanza. Mzee akaingia kwa nyumba, na bunduki nikaiona, imening'inia ukutani. Nikakunja mguu. Akaja msichana wake, wakaanza kuongea. Wakaongea. Wakanywa chai, wakaongea tena.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Kusema kweli nilikuwa nimeshika maneno kama mawili, "nyumba" na "hapana". Lakini mlango ulikuwa karibu kufungwa.

"Anasema kuna watu wanakuja kumuua."

"Haiya! Wanafika saa ngapi?"

"Wamekwama njiani, mama. Mvua."

"Mvua gani na jua inawaka hivyo?" fundi akasema.

"Mvua iko upande wa adui."

Mzee akatoka nje kulisha kuku. Nikawaambia risasi amezificha hapo chini ya kuku. Watu wakasogeza stuli mbele. Nilikuwa moto siku hiyo, maneno yalikuwa yanajileta yenyewe. Halafu msichana akabeba mkoba wake, wakakumbatiana kwa geti, mzee akarudi ndani, akakaa. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Bunduki bado iko ukutani.

Mama akanigeukia. "Na adui?"

Nikakazia macho yale majina, labda adui yuko hapo.

"Mwalimu," mama akasema, "wewe unasikia Kizungu. Huyu ametuambia ukweli?"

Mwalimu alikuwa ameziba mdomo na leso tangu ile mvua. Akaweka kikombe chini. "Auntie, hakuna adui. Huyo msichana anataka babake auze nyumba ahamie kwake mjini. Mzee amekataa. Ni hiyo tu. Na kuku ni kuku."

Fundi alianguka kutoka kwa stuli, kweli alianguka. Mimi nikasimama, nitoke kabla sijafukuzwa.

"Keti," mama akasema. Hakuwa anacheka. "Kwa hivyo alibaki kwake?"

"Alibaki, auntie."

Ploti nzima tulikuwa tunajua kijana wa mama, yule anakaa Nairobi, alikuwa anakuja kila mwezi kumwambia auze hii ploti, aende akae na wao. Tulikuwa tunasikia hizo kelele kupitia kwa mabati.

"Rudisha nyuma," mama akaniambia. "Mpaka mwanzo. Na wewe mwalimu njoo hapa kwa sofa, utuambie vile walikuwa wanasema. Wewe kijana, sogea huko."

Nikasogea, nikakaa chini na mgongo kwa ukuta. Tukaiona tena yote, ile chai yote, na mama kila mara mzee akisema hapana alikuwa anajibu, "Eeh! Mwambie!" Ilipoisha akatuambia Jumapili ijayo ni saa nane, tusichelewe.

Kwa maoni yangu, mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Lakini hakuna mtu aliniuliza.